Taswira ya Diski na Nakala Rudufu: Somo la Istilahi na Utendaji kutokana na Kumbukumbu za Afya za Homa Bay na Migori

IKISIRI

Makala haya yanajadili dhana mbili ambazo aghalabu huchanganywa na watumiaji wa tarakilishi: taswira ya diski na nakala rudufu. Muktadha uliochaguliwa ni kumbukumbu za afya za kaunti za Homa Bay na Migori, ambako kupotea kwa data kunaweza kumkatizia mgonjwa matibabu. Hoja kuu ni kuwa taswira ya diski haiwi nakala rudufu mpaka itimize masharti matatu, nayo ni utimilifu, utengano na urejesho. Inapendekezwa kwamba istilahi za Kiswahili zidumishe tofauti hiyo, kwa kuwa kosa la kuita huzaa kosa la kutenda.

1.0 Utangulizi

Kaunti za Homa Bay na Migori zinapakana kusini-magharibi mwa Kenya, zote mbili zikielekea Ziwa Viktoria. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,131,950 katika Homa Bay na 1,116,436 katika Migori. Katika uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2018, kiwango cha maambukizi ya virusi vya UKIMWI miongoni mwa watu wazima kilikuwa asilimia 19.6 katika Homa Bay na asilimia 13.3 katika Migori, ilhali kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 4.9. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kazi mjini Homa Bay mwaka 1996, na kufikia mwaka 2001 dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bila malipo katika hospitali ya umma ya mji huo.

Anayetumia dawa hizi huzitumia maisha yake yote. Kwa hiyo kumbukumbu yake ni sehemu ya matibabu yenyewe: ndiyo inayomwambia tabibu mgonjwa alianza dawa lini, anatumia mchanganyiko upi, kiasi cha virusi katika damu yake kilikuwaje alipopimwa mara ya mwisho, na siku gani anatarajiwa kurudi. Tena watu wa ziwani ni watu wa kuhama. Mvuvi aliyeandikishwa Mbita anaweza kuhamia Mfangano msimu huu na Muhuru Bay, upande wa Migori, msimu ujao. Kumbukumbu isiyoweza kumfuata, au iliyofutika, humrudisha mtu huyo kwenye mwanzo wa safari ambayo alikwisha kuitembea nusu.

Msomaji anaweza kuuliza: jambo hili linawahusu nini wanafunzi wa Kiswahili? Linawahusu kwa njia mbili. Kwanza, mafunzo ya kulinda data hutolewa kwa watunza kumbukumbu ambao wengi wao huelezana kazi kwa Kiswahili, ingawa miongozo yao imeandikwa kwa Kiingereza. Pili, sisi wenyewe tunarekodi masimulizi, tunakusanya misamiati, na tunahifadhi majarida ya vyama vyetu katika mitambo ileile. Somo la zahanati ni somo la maktaba.

2.0 Kutoka daftari hadi winguni

Kwa miaka mingi kumbukumbu za afya zilikaa katika madaftari makubwa na kadi za karatasi. Mwaka 2004 mradi wa OpenMRS ulianza kutokana na mahitaji ya kliniki za UKIMWI za Eldoret, kwa ushirikiano na wataalamu wa Marekani. Juu ya msingi huo ndipo ilipojengwa programu ya KenyaEMR, iliyoanza kuenezwa katika vituo vya afya mwaka 2012, Nyanza ikiwamo. Mwaka 2011 Wizara ya Afya ilieneza nchini kote mfumo mwingine, DHIS2, uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo na washirika wake. Mfumo huu wa pili hukusanya jumla za takwimu za kila kituo. Ulipoanza, uliwekwa katika seva moja ya kati iliyokodiwa winguni, hata mtunza kumbukumbu wa Rongo au Ndhiwa akaweza kuingiza takwimu za mwezi kwa modemu tu, pasipo kusakinisha programu yoyote.

Neno wingu halina budi kufafanuliwa, maana huwapotosha wengi. Wingu ni majengo yaliyojaa tarakilishi, yenye anwani, umeme, mitambo ya kupoza hewa na bili za kulipwa. Mteja hukodi sehemu ya mashine na sehemu ya diski. Hazioni kwa macho. Huziamuru kwa nenosiri kutoka mbali.

Mabadiliko haya yalileta faida kubwa, lakini yaliibadili pia sura ya hatari. Daftari likilowa maji ya mafuriko Nyatike, kituo cha Uriri hakidhuriki. Seva ya kati ikiharibika, Nyatike, Uriri, Rangwe na Karachuonyo hupata hasara kwa pamoja. Hatari iliyokuwa imetawanyika sasa imekusanywa mahali pamoja, na kinga nayo yapasa iwe kubwa kwa kadiri hiyo.

3.0 Swali la istilahi

Dhana ya kuweka data ya akiba ina majina kadha katika Kiswahili. Lililoenea zaidi ni nakala rudufu. Nakala ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, na katika taaluma yetu lina historia ndefu: ni maandishi yaliyohamishwa kutoka karatasi moja hadi nyingine, yenye mwili wake mwenyewe. Baadhi ya watafsiri wa programu hutumia cheleza na chelezo. Uteuzi huu una mantiki. Kitenzi cheleza hutaja kuweka kitu, hasa chakula, kwa matumizi ya baadaye. Nomino chelezo hutaja boya linaloelea majini. Chakula cha akiba na boya, vyote viwili hukusubiri siku ya shida.

Dhana ya pili ni ngeni zaidi. Ni uwezo wa mtambo kuhifadhi hali ya diski nzima jinsi ilivyokuwa katika nukta moja ya wakati, pasipo kusimamisha kazi. Mafundi wetu huiita snepushoti. Neno hili katika Kiingereza lilianzia kwa wawindaji, likimaanisha risasi iliyofyatuliwa haraka pasipo kulenga. Mwaka 1860 mwanasayansi Sir John Herschel alilitumia kwa picha inayonaswa mara moja. Katika makala haya tunatumia taswira ya diski, au taswira kwa ufupi.

Tatizo ni kwamba katika mazungumzo ya kazini taswira huitwa nakala bila kusita. Fundi husema, "Nakala zipo, zinachukuliwa kila usiku," naye msimamizi hutulia. Kumbe kinachochukuliwa kila usiku ni taswira, na nakala haipo. Ili kuona kwa nini tofauti hii ni nzito, yafaa tujue taswira hufanya kazi vipi.

4.0 Namna taswira inavyofanya kazi

Diski imegawanywa katika vipande vidogo vyenye namba, kama kurasa za daftari. Tuchukue mfano wa karani mwenye daftari la kurasa elfu moja, ambaye ameagizwa aihifadhi hali ya daftari ilivyo saa sita usiku. Kunakili kurasa zote kungemchukua siku kadha, na daftari lingeendelea kubadilika mkononi mwake. Basi hutumia hila. Saa sita kamili huandika orodha ya kurasa zote, na kuanzia hapo hujiwekea sheria: kabla ya kubadilisha ukurasa wowote, kwanza auhamishe ule wa zamani katika daftari la pili. Anayetaka kusoma hali ya saa sita hufuata orodha: ukurasa uliobadilishwa huusoma katika daftari la pili, na usiobadilishwa huusoma palepale katika daftari la kwanza.

Hila hii ndiyo inayofanya taswira ichukuliwe kwa sekunde chache hata kama diski ni kubwa. Lakini tazama gharama yake. Kurasa zisizobadilika bado ziko katika daftari la kwanza peke yake. Daftari hilo likiungua, orodha na daftari la pili havitoshi kumjengea mtu kitu.

Watoa huduma wengi wa winguni wamelipunguza tatizo hili kwa kuhamisha vipande vya taswira hadi ghala jingine lililo mbali na diski. Taswira ya kwanza huhamisha vipande vyote vinavyotumika. Zinazofuata huhamisha vilivyobadilika tu. Tuseme diski ina gigabaiti 60 za data, na kila siku gigabaiti 2 hubadilika. Taswira saba za juma moja zitachukua gigabaiti 72, yaani 60 za kwanza na 2 kwa kila moja ya siku sita zilizofuata, badala ya 420. Hiyo ni nafuu kubwa kwa kituo chenye bajeti finyu. Hata hivyo, taswira hizo saba hutegemeana: kipande ambacho hakijabadilika tangu siku ya kwanza kipo mara moja tu ghalani, na zote saba hukielekeza kidole hichohicho. Kikiharibika, zote saba huharibika.

5.0 Masharti matatu

5.1 Utimilifu

Sharti la kwanza ni kuwa taswira iwe na maana kamili kwa programu itakayoisoma. Hifadhidata haiandiki kila kitu diskini papo hapo. Mengine huyaweka kwanza katika kumbukumbu ya muda. Taswira ikichukuliwa wakati kumbukumbu ya mgonjwa imeandikwa nusu, hali inayohifadhiwa ni kama ya tarakilishi iliyokatikiwa umeme ghafla. Hifadhidata zinazotumika hapa, MySQL katika OpenMRS na PostgreSQL katika DHIS2, zimejiandaa kwa ajali ya namna hiyo: kila badiliko huandikwa kwanza katika daftari la matukio, na mtambo unapowaka upya husoma daftari hilo, ukakamilisha yaliyothibitishwa na kuyafuta yaliyokatizwa.

Maandalizi hayo hufaulu endapo data na daftari la matukio vimenaswa katika nukta moja. Vikiwa katika diski mbili tofauti, na taswira zake zikapishana kwa dakika moja, hazitasemezana. Kwa hiyo kanuni ni kuzichukua taswira za diski zote kwa pamoja, au kuisimamisha hifadhidata kwa sekunde chache kabla ya kuchukua. Zaidi ya hapo yafaa kutoa mara kwa mara nakala ya hifadhidata yenyewe, yaani faili inayotaja kila jedwali na kila safu, ambayo inaweza kurejeshwa katika mashine yoyote, hata isiyo na diski ya aina ile.

5.2 Utengano

Sharti la pili ni kuwa nakala isikae mikononi mwa balaa lililoipata asili. Mwanafunzi wa fasihi analijua jambo hili kwa njia nyingine. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, yalitufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya vinywani mwa watu, W. E. Taylor akayanakili, na karatasi za Taylor zikahifadhiwa London. Watu hawa walikwisha kufa, lakini maandishi yalikuwa yamekwisha kupata makao mengine.

Katika ulimwengu wa tarakilishi, mifano ni ya kusikitisha. Mwezi Juni 2014 mhalifu alipata nenosiri la akaunti ya kampuni ya Code Spaces katika huduma ya winguni ya Amazon. Alidai pesa, na alipopingwa akafuta mashine, diski na taswira zilizokuwa katika akaunti hiyohiyo. Kampuni hiyo ilifunga kazi zake. Usiku wa tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja wakagundua kwamba akiba zao zilikuwa katika jengo lilelile. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliamua kwa manufaa ya mteja mmoja wa aina hiyo. Mkataba ulikuwa umeahidi akiba iliyotengwa kimaumbile na seva, na mabishano yakawa juu ya maana ya kutengwa. Hapa mwanaisimu ataona kuwa semantiki iliamua nani alipe.

Kuna utengano wa tatu, nao ni wa mlipaji. Taswira huishi katika akaunti, na akaunti huishi maadamu kuna anayelipa. Mwezi Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha kwa ghafla misaada yake ya nje, iliyokuwa nguzo kuu ya huduma za UKIMWI nchini Kenya, Nyanza ikiwamo. Kila anayesimamia mfumo unaogharimiwa na mfadhili anapaswa kujiuliza: mkataba ukikoma Ijumaa, Jumatatu nani ana funguo za akiba? Kama jibu ni mfadhili peke yake, kaunti haina nakala. Ina ruhusa ya muda ya kuitazama.

5.3 Urejesho

Sharti la tatu ni kuwa akiba iwe imejaribiwa kurejeshwa. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya data huoza, tena kimyakimya. Mnamo tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab, akiwa amechoka usiku, alifuta data katika seva iliyokuwa ikifanya kazi akidhani ni ile ya pili. Takribani gigabaiti 300 zilitoweka. Walipozitafuta akiba, wakakuta kwamba nakala za hifadhidata zilikuwa zimekosa kuandikwa kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana, na barua za kuonya juu ya kosa hilo hazikumfikia mtu. Kilichowaokoa ni taswira iliyochukuliwa kwa mkono saa sita kabla ya ajali, kwa kazi nyingine kabisa. Kazi ya saa hizo sita haikurudi.

Kisa hiki kinatufunza mambo mawili yanayoelekea kupingana: taswira ni chombo chenye thamani, na bahati si mpango. Aliye na taswira moja iliyojaribiwa ana akiba kuliko mwenye njia tano ambazo hazijawahi kufunguliwa.

Urejesho una upande wa muda pia. Kuhamisha gigabaiti 60 kwa mkondo wa megabiti 10 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 13, hata kama mkondo hautikisiki. Nao hutikisika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora kwa siku kadha. Kituo chenye akiba ng'ambo pekee kingesubiri huku wagonjwa wamekaa kwenye benchi.

6.0 Mfano wa mpango

Tuyaweke masharti haya pamoja kwa mfano wa kubuni. Mfumo unaohudumia zahanati kadha za Ndhiwa na Awendo huchukua taswira kila siku saa sita usiku. Siku moja saa nne asubuhi, fundi anafuta kwa bahati mbaya safu ya namba za simu za wagonjwa. Akirudisha taswira ya usiku, namba zote zinarudi, na hasara ni kazi ya kati ya saa mbili na saa nne, inayoweza kuandikwa upya kutoka kadi za karatasi. Hapa taswira imefanya kazi yake vizuri: ni dawa ya kosa la jana.

Sasa tuseme kosa halikugunduliwa mpaka siku ya kumi, na mfumo huweka taswira za siku saba tu. Zote saba zimebeba kosa lilelile. Kwa sababu hii akiba hupangwa kwa umri: za kila siku kwa juma moja, za kila juma kwa mwezi, na za kila mwezi kwa mwaka. Juu ya hizo huongezwa nakala ya hifadhidata inayotumwa kila juma katika akaunti nyingine yenye nenosiri jingine, na nyingine inayowekwa katika diski ya mkononi iliyofungiwa makao makuu ya kaunti. Hii ndiyo kanuni iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani Peter Krogh: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali.

Tahadhari moja haina budi kutajwa. Taswira hunasa diski nzima, pamoja na majina na hali za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 huhesabu data ya afya kuwa nyeti, na huweka masharti ya kuihamisha nje ya nchi. Akiba isiyofungwa kwa msimbo ni mlango wa pili wa nyumba ambayo mlango wake wa mbele umetiwa kufuli. Na ufunguo wa msimbo usihifadhiwe ndani ya diski ileile iliyofungwa nao.

Mwisho, mara moja kila robo ya mwaka, akiba ifunguliwe katika mashine tupu. Mtunza kumbukumbu, wala si fundi peke yake, atafute wagonjwa kumi anaowajua na kulinganisha na kadi zao. Yeye ndiye mwenye jicho la kuona kama kilichorudi ni kweli.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba taswira ya diski ni hali ya diski katika nukta ya wakati, na kwamba hustahili jina la nakala rudufu pale tu inapokuwa timilifu, inapotengwa na chanzo chake, na inapothibitishwa kwa kurejeshwa. Tunapendekeza wanaofundisha na kutafsiri waweke maneno mawili kwa dhana mbili: taswira kwa kile kinachochukuliwa kila usiku, na nakala rudufu au chelezo kwa kile kilichotimiza masharti. Fundi atakayelazimika kusema "tuna taswira, hatuna nakala" atakuwa ameikiri hatari kabla haijamfika mgonjwa.

Pendekezo la pili linatuhusu sisi. Vyama vya Kiswahili vinahifadhi rekodi za wazee wa Kisuba na Kikuria, ambao wengine wao hawatarekodiwa tena. Kabla ya muhula kwisha, kila chama kichague faili moja ya zamani zaidi katika akiba yake, kiifungue, na kiisikilize mpaka mwisho.